Ile penalti ya Morrison na Orlando Pirates ilikuwa halali? Na nyie wa Yanga mliokuwa Pirates siku ile mje hapa

Mnyama wa Mbagala

Wakuu habari za muda huu. Nimeleta hii mada kwa sababu jana saluni palitaka kuchimbika. Kinyozi wangu ni Yanga lialia, mi nimekaa kwenye kiti kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akaanza eti Simba kubebwa hawajaanza leo wala jana. Mfano wake ni ile robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, 17 Aprili 2022 kwa Mkapa, Simba 1 Orlando Pirates ya Sauzi 0, Morrison, winga wetu wa wakati huo, kaangushwa kwenye boksi, Kapombe kapiga penalti dakika ya 68 kaweka kambani, gemu imeisha. Anasema ile haikuwa penalti, Morrison alijirusha, na kwamba hata kocha wa Pirates Mandla Ncikazi alilalamika mbele ya kamera mpaka dunia nzima ikasikia.

Mi nikamwambia sawa, tuseme alijirusha, we ulijuaje wakati siku hiyo ulikuwa na jezi nyeusi ya Pirates na ulikuwa unashangilia kila mpira wanaougusa wale jamaa? Macho yako yangeona nini? Hapo ndo saluni nzima ikalipuka.

Sasa maswali yangu mawili. La kwanza, ile ilikuwa penalti au siyo, semeni bila ushabiki kama inawezekana. La pili, nyie wa Yanga mliokuwa upande wa Wasauzi 2022, mnapata wapi ujasiri wa kutuita wasaliti kwa sababu tulishangilia Mamelodi Sundowns ya Sauzi ilivyowatoa Ligi ya Mabingwa 2024? Naomba kuwasilisha.

Jangwani Damu

Mleta mada umekuja na swali la pili ukijua jibu la kwanza litakuumiza hahaha.

Haikuwa penalti. Morrison huyo sisi tumemlea, tunamjua, alikuja kwetu Januari 2020, Machi 8 akawapiga nyie faulo ile ya 1-0, mkalala nayo. Tunajua anavyodondoka. Yule akisikia pumzi ya beki shingoni tayari yuko chini anagaagaa. Na chekesho ni kwamba aliwahi kuchezea hao hao Pirates, kwa iyo hata wao walikuwa wanamjua vizuri tu ndo maana walipandwa na hasira vile.

La pili nakujibu bila kuficha: ndio nilikuwa Pirates. Na Simba wakicheza kesho na timu ya magereza nitakuwa magereza. Huo ni utani wa jadi mzee, Yanga imezaliwa 1935, nyie mkafuata 1936, mpaka leo hatujawahi kukaa meza moja tukaombeana mema, leo ndo uje uniambie uzalendo? Uzalendo ni Taifa Stars. Kadi yangu ya uanachama imeandikwa Yanga.

Ila la Mamelodi ni kesi nyingine kabisa usichanganye. Pale sisi tuliibiwa mchana kweupe.

Mnyama wa Mbagala

Mchana kweupe saa nne usiku Pretoria. Haya endelea.

Kipyenga

Niingie kidogo maana nimepuliza filimbi ndondo na ligi ya mkoa kwa muda, matusi ya mama yangu nimeyasikia kwa lafudhi zote za nchi hii.

Wakuu, kuguswa siyo faulo. Watu wengi hapa mnadhani beki akimgusa mshambuliaji ndani ya boksi basi refa anyooshe mkono kwenye nukta. Sheria ya 12 inaangalia beki kaingia vipi: kakosa uangalifu, kaingia kihatari bila kujali mwenzie, au katumia nguvu iliyopitiliza. Hiyo ya kwanza, kukosa uangalifu tu, inatosha kabisa kuwa penalti hata kama hakukusudia, na hapo ndo mabeki wengi wanapoliwa, kwa sababu mshambuliaji mjanja anaweka mwili wake kati ya beki na mpira halafu anasubiri mguu uje. Mguu ukija umechelewa, mpira umeshapita, imekula kwake. Na mshambuliaji kudondoka kwa mbwembwe hakufuti faulo kama faulo ipo. Mtu anaweza kukanyagwa kweli na bado akaongezea chumvi, refa anatakiwa atenganishe hivyo viwili kwa sekunde moja akiwa anakimbia na jasho liko machoni.

Kwa Morrison mi kwangu ni penalti laini, ya zile ambazo refa akitoa hakuna wa kumnyonga na asipotoa pia hakuna wa kumnyonga. Na penalti za namna hiyo hata VAR, wale marefa wa video, haiingilii, maana yenyewe inatafuta kosa la wazi, la kila mtu kuona. Kwa iyo alichoamua wa kati ndo kinabaki. Ndo maana mtabishana mpaka wajukuu.

La Aziz Ki, lile shuti la Yanga kule kwa Mamelodi, ni tofauti. Mpira kuvuka mstari au kutovuka hakuna laini wala ngumu, ni ndiyo au hapana.

Jangwani Damu

Na ni ndiyo. Asante refa.

Kipyenga

Subiri nimalize mkuu. Ni ndiyo kama kuna picha inayothibitisha. Sheria inataka mpira WOTE uvuke mstari WOTE. Siyo nusu, siyo robo tatu, hata ukibaki uzi mmoja tu unaning'inia juu ya chokaa, siyo goli. Shuti la Aziz Ki lilipiga mwamba kwa chini, mpira ukadunda chini, ukarudi uwanjani, kipa wao Ronwen Williams ameshapitwa. Ile picha mliyosambaza yenye mpira na mstari mwekundu mliochora wenyewe kwenye simu imetoka kwenye kamera iliyokaa pembeni, haiko usawa wa mstari wa goli. Kamera ikikaa mbele kidogo ya mstari, mpira ulio hewani unaonekana uko ndani zaidi ya ulivyo, ikikaa nyuma unaonekana uko nje. Chukua kikombe ukining'inize juu ya ukingo wa meza halafu sogeza kichwa kushoto na kulia utaelewa. Na mashindano yale hayakuwa na teknolojia ya mstari wa goli, ile inayomtetemeshea refa saa mkononi, kulikuwa na VAR tu.

Mimi binafsi kwa macho yangu niliona goli. Lakini ningekuwa kwenye kile chumba cha VAR bila kamera ya usawa wa mstari nisingethubutu kumwambia refa weka kati, yaani toa goli. Kosa kubwa naloliona ni refa kutoitwa kwenye skrini hata kwa kutuliza watu roho.

Jangwani Damu

Sasa si ndo uwizi wenyewe huo? Mamelodi ni timu ya familia ya Motsepe, Motsepe rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, refa haitwi kwenye skrini. Mechi ya kwanza kwa Mkapa 0-0, ya pili 0-0, tukatolewa kwa matuta 3-2. Goli moja tu lile tulikuwa nusu fainali. Halafu nafungua simu nakuta mtu wa Kariakoo, kala futari ya Kariakoo, kaandika "Masandawana oyeee", ndo hao hao Mamelodi. Kabisa mtu na akili zake.

Bi Nyekundu

Kaka Jangwani nakuheshimu ila hapo umejifunga mwenyewe. Juu umesema ukikutana na Simba vs magereza uko magereza, chini unalia mtu wa Kariakoo kashangilia Mamelodi. Chagua moja. Kama utani ni utani basi uwe utani pande zote, usiwe utani ukiwa unacheka wewe na uwe usaliti tukicheka sisi.

Halafu niwaambie kitu wanaume mnakipita juu juu. Nchi yetu inaingiza timu nne Afrika, mbili Ligi ya Mabingwa mbili Shirikisho. Mnafikiri zile nafasi tuliokota? Ni pointi, na kwa sehemu kubwa zilianzia kwa Simba, robo fainali ya 2018/19 na ile ya 2020/21. Ligi ya 2020/21 Yanga wameshika nafasi ya pili lakini msimu wa 2021/22 wakacheza Ligi ya Mabingwa. Walipitia mlango gani? Huo huo aliowafungulia Mnyama, yaani Simba. Azam na Biashara wakaenda Shirikisho, ingawa Biashara wa watu ndo wale walioshindwa hata kusafiri kwenda Libya kwenye marudiano, inauma mpaka leo. Kwa iyo we ulivyokuwa umevaa nyeusi ya Pirates 2022 ulikuwa unashangilia ukuta wa nyumba yako unabomolewa.

Na hesabu hiyo hiyo nawapa wenzangu wa Simba. Yanga walivyofika fainali ya Shirikisho 2023 na USM Alger, kule Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban wakakosa kombe kwa goli la ugenini tu, zile pointi tunazila wote. Mi siku ile nilikaa kimya nyumbani, sikushangilia, ila na Waarabu sikuwashangilia. Mume wangu ni Yanga, alilia. Nilimpelekea chai.

Mzee wa Tandale

Vijana mnaongea kama haya mambo yameanza na Aziz Ki.

1993 Simba wamefika fainali ya Kombe la CAF, kule Abidjan wametoa 0-0 na Stella, marudiano hapa Uwanja wa Taifa, huu mnaouita Uhuru sasa. Rais Mwinyi yupo jukwaani. Mji mzima unajua kombe linabaki Dar. Stella wakapiga la kwanza, wakapiga la pili, 2-0. Mimi ni Simba, nilikuwepo, nimekaa upande wa mzunguko. La pili lilivyoingia kuna watu safu ya chini yangu waliinuka wakakumbatiana. Siyo Waivory Coast, walikuwa wanaongea Kiswahili safi, mmoja namfahamu, alikuwa anauza vitenge Kongo. Tulirudi kwa miguu mpaka nyumbani, hakuna aliyesema neno.

Yule wa vitenge Jumatatu nilienda dukani kwake kama kawaida. Alinipunguzia bei bila kuombwa.

Kijana wa Ng'ambo

Sie huku Unguja tarehe 25 Mei 2025 tuliletewa fainali mlangoni, Simba na RS Berkane, New Amaan. Kule Berkane Simba wameshapigwa 2-0. Mutale wa Simba katia mapema uwanja ukawa hausikilizani, kisha Kagoma wetu nyekundu, Mukwala wetu kafunga VAR ikafuta, mwisho Berkane wakasawazisha tumekwisha. Basi nilikuwa nimekaa na bwana mmoja Yanga mtupu, goli la Mukwala lilivofutwa akanambia "hapo mmeonewa", na meno yote nje. Sasa huyo mumuweke kundi gani, mzalendo au msaliti?

Jangwani Damu

Huyo ni mwenzetu, msimguse.

Bi Nyekundu pointi nimeziona, sibishi kuhusu nafasi nne. Lakini mpira siyo hesabu za benki. Mtu hawezi kukaa na kikokotoo pale goli linaingia aanze kujiuliza hili lina faida gani kwa taifa baada ya miaka mitatu. Kinachotoka mdomoni kinatoka. Na mkitaka kuongelea uaminifu anzeni na wachezaji na wasemaji, maana wao ndo wanalipwa. Morrison katoka kwetu 2020 akaenda kwenu, kesi mpaka CAS, mahakama ya michezo ya dunia, akashinda kesi, 2022 mwezi wa saba huyooo karudi kwetu tukampokea na tukampigia makofi. Manara, msemaji, kapayuka Simba miaka mingapi halafu 2021 akavaa kijani cha Yanga. Mkude katoka kwenu kaja, Chama kaja. Wote hao hakuna aliyeitwa msaliti wa taifa, ila mimi niliyevaa jezi ya kununua mwenyewe Kariakoo ndo nikamatwe?

Mnyama wa Mbagala

Aisee hii umeongea. Ila bado kitu kimoja. Mlipomshangilia Morrison 2022 alivyorudi, mbona hakuna aliyemuuliza ile penalti alijirusha au hakujirusha? Miezi mitatu tu ilikuwa imepita. Angevaa kijani siku ile ingekuwa penalti halali kabisa na Ncikazi angekuwa mlalamishi.

Jangwani Damu

Alikuwa mchezaji wetu, tunamuulizaje maswali ya polisi? Na penalti yenyewe haikuwafikisha popote, marudiano Peprah wa Pirates kawafunga, Mugalu wenu nyekundu, matuta 4-3 mkarudi nyumbani. Morrison mwenyewe hata hakusafiri. Haki ilitendeka.

Sasa na mimi nikuulize, umekwepa toka mwanzo. Usiku wa 5 Aprili 2024 wewe ulikuwa unamshangilia nani?

Mnyama wa Mbagala

Mi nilikuwa naangalia timu yangu. Simba na Al Ahly kule Cairo, siku hiyo hiyo. Sikuwa na muda na Mamelodi.

Kipyenga

Simba walicheza saa tano usiku mkuu. Yanga walianza saa tatu.

Bi Nyekundu

😂😂😂

Jangwani Damu

Mods fungeni uzi.