Kutengeneza chokoleti nyumbani kwa kokoa kavu ya Kyela

Mwanajiko wa Dar
Habari zenu, ndugu zangu. Shemeji yangu analima kokoa Kyela, naye ameniletea kilo chache za mbegu zilizokwisha kukaushwa. Ningependa kuzitengenezea chokoleti ya kula, si unga wa kinywaji, kwa vifaa nilivyonavyo: jiko la gesi, kikaango, ungo, kinu na blenda. Naomba kuelezwa hatua zake, na hasa mambo mawili: iwapo naweza kutia maziwa ya kawaida ya ng'ombe, na ni nini kinachoifanya chokoleti ya dukani ing'ae na kuvunjika kwa mlio, ilhali ya nyumbani mara nyingi huwa laini na yenye ukungu mweupe.

Mkulima wa Ipinda
Ndugu Mwanajiko, kabla ya kuwasha jiko, pasua mbegu chache kwa kisu uzitazame ndani. Mbegu iliyovundikwa sawasawa huwa ya kahawia na yenye mipasuko. Iliyo ya kijivu na iliyoshikana haikuvundikwa, nayo haitatoa ladha ya chokoleti hata ukiikaanga kwa ustadi gani. Wengi hudhani ladha hutoka kiwandani, kumbe huanzia shambani. Tunda likishapasuliwa, mbegu pamoja na ute wake mweupe mtamu hurundikwa katika masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, huku zikigeuzwa kila baada ya siku mbili. Ute huchachuka, sukari yake ikageuka kileo na kisha siki, joto likapanda hadi karibu nyuzi 50, na mbegu ikafa. Kufa huko ndiko kunakoanzisha mageuzi ya ndani ambayo moto wa kikaango huja kuyakamilisha. Kwa hiyo huniuma sana kuona mbegu zikianikwa siku ile ile zilipotolewa katika tunda.

Zikiwa nzuri, ondoa zenye koga, kisha kaanga kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30 ukikoroga bila kuacha, mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu ya siki ipungue. Zikipoa, ziponde kidogo na uzipepete kwa ungo. Usiharakishe kupepeta, kwa sababu ganda huja na mchanga na ukakasi.

Fundi wa Peremende
Naomba niendelee alipoishia mkulima. Maziwa ya maji usitie kabisa. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini cha kokoa ni mafuta, na maji kidogo tu yakiingia, sukari hunata na mchanganyiko wote hukaza ukawa donge lisilomiminika. Daniel Peter wa Uswisi alihangaika na tatizo hilo la maji kwa miaka kadhaa, mpaka alipofanikiwa mwaka 1875 kwa kutumia maziwa yaliyopunguzwa maji. Wewe tumia maziwa ya unga, na vyombo vyote viwe vikavu.

Kwa chokoleti nyeusi, anza na gramu 70 za viini kwa gramu 30 za sukari. Pasha kinu na mchi joto, twanga viini mpaka mafuta yatoke na uji mzito upatikane, ndipo utie sukari uliyoisaga peke yake. Kwa kinu na blenda hutapata ulaini wa dukani. Ulaini huo hutaka mashine ya mawe, kama ile ya kusagia mchele na dengu zilizoloweshwa, ikizunguka mchana na usiku. Hata hivyo, chembechembe za sukari si kasoro: chokoleti ya Modica, kule Sicily, hutengenezwa hivyo kwa makusudi, na watu huithamini.

Kuhusu kung'aa, mafuta ya kokoa yanaweza kuganda kwa maumbo sita, na ni umbo la tano tu linalotoa mng'ao na mlio. Yeyusha chokoleti mpaka nyuzi 45 au 50, ipoze hadi 27 au 28 huku ukikoroga, kisha ipashe tena hadi 31 au 32 na kuimimina katika vyombo vya umbo. Kipimajoto cha jikoni ni cha lazima. Ule ukungu mweupe kwa kawaida ni mafuta yaliyopanda juu, nao haudhuru mlaji.

Mwanajiko wa Dar
Ahsanteni sana kwa maelezo haya. Je, kwa joto letu la mwezi wa pili itaganda kweli?

Fundi wa Peremende
Mezani haitaganda vizuri, kwa sababu mafuta hayo huyeyuka karibu nyuzi 34 na hulainika kabla ya hapo. Fanya kazi usiku au katika chumba chenye kiyoyozi. Ukishaimimina, iweke kwenye friji kwa muda wa robo saa tu, kisha ihifadhi ndani ya chombo kilichofungwa barabara. Ukikiweka chombo hicho kwenye friji, unapokitoa usikifungue mpaka kipoteze ubaridi, la sivyo unyevu wa hewa utaishika na kuyeyusha sukari ya juu.