Tupeane uzoefu: mliowahi kufiwa, nani alikuja msibani akawafaa na nani aliwachosha?

Wakuu salama? Kuna mtu tumebishana naye kazini kuhusu adabu za msibani, yeye anasema cha maana ni kuonekana tu, mimi nasema kuna kuonekana kwingine bora ungebaki nyumbani. Sasa nataka kusikia kwa waliofiwa, maana sisi wahudhuriaji kila mtu anajiona alifanya vizuri.

Naanza. Nilipofiwa na baba kilichonimaliza sio kulia, ni kusimulia. Kila anayeingia "ilikuwaje? alianza kuumwa lini? hospitali walisemaje?" ukimaliza anaingia mwingine unaanza upya, ikafika mahali naongea kama natoa ripoti. Jirani mmoja ambaye wala hatukuwa na mazoea alinipa mkono akasema "pole sana mwanangu" akakaa pembeni kimya, alipoona simu yangu haipumui akaniuliza "nikupokelee?" Basi akawa anajibu yeye, msiba uko wapi, mazishi saa ngapi, wa kuulizwa habari za usafiri ni nani. Yule mzee simsahau.

Karibuni.

---

Mkuu mimi nilifiwa na mtoto. Naombeni jamani, "Mungu kampenda zaidi", "utapata mwingine", "shukuru wale wengine wapo", hayo msije nayo. Najua hamna nia mbaya ila mfiwa analazimika kuitikia asante huku moyo unawaka moto, yaani yeye ndo anakusaidia wewe usijisikie vibaya! Pole inatosha. Na kama ulimjua marehemu mtaje kwa jina, watu wanaogopa kumtaja eti watatukumbusha, kwani tumesahau? Mwalimu wake alikuja akatuambia alikuwa anaficha chaki ili hesabu zichelewe kuanza, tukacheka pale pale na machozi yetu.

---

Kero yangu ni simu. Mama hata saa moja haijaisha tangu afariki, mtu wa mbali kabisa kashaposti picha yake, dada yangu aliyekuwa safarini akajulia huko mtandaoni. Subiri familia itangaze yenyewe ndo na wewe uposti. Na nyie wa kurekodi video wakati wa kuaga mwili ombeni ruhusa kwanza, sio kila familia inataka sura ya marehemu izunguke kwenye magrupu.

---

Mimi ni mjane wa Kiislamu. Kwetu maiti haicheleweshwi, ikiwezekana anazikwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukisema utakuja wikiendi ujue mazishi yameshapita. Lakini bado njoo! Eda, yaani kipindi cha mjane kukaa baada ya kufiwa na mume, ni miezi 4 na siku 10 (mwenye mimba mpaka ajifungue), siku za mwanzo nyumba imejaa hata pa kukaa hakuna, baadaye kimya, hodi husikii. Wifi yangu alikuwa anapita kila Alhamisi, haulizi "unahitaji nini" maana ukiulizwa hivyo unajibu tu "niko sawa", yeye anasema "watoto nawachukua mpaka jioni" na anawachukua kweli.

Nguo nazo, nyeusi sio ya kila msiba, Wahindu kwa mfano huvaa nyeupe. Kama msiba ni wa dini usiyoijua muulize ndugu wa pembeni kabla hujaenda, usimpigie mwenye msiba.

---

Kuuliza sio ujinga, kama mfiwa hamko karibu sana, mfano mfanyakazi mwenzio, unakaa muda gani? Na kama jeneza liko wazi mtu ni lazima upite kuangalia?

---

Mleta mada hapa. Mkuu hulazimiki kabisa, pita nyuma au baki kwenye kiti chako, hakuna anayehesabu. Muda, kama ni kwenda kutoa pole nyumbani hata robo saa inatosha, toa mkono, andika jina kwenye kitabu kama kipo ili wakija kusoma wajue ulifika, kaa kidogo, aga uondoke. Ukiona kuna foleni nyuma yako usianze stori ndefu na mfiwa. Ukikuta ibada imeshaanza simama nyuma mpaka watulie, na viti vya mbele hata vikiwa vitupu viache, ni vya familia na wengine wako njiani.