Guagua imelala

Rehema (Quito): Asalaam aleikum jamaa wote. Tumefika Quito, Ekuador, salama alhamdulillahi. Kaka Daktari, hebu nisaidie. Nyumba ya chini wamebandika karatasi mlangoni: "No toque el timbre, la guagua está dormida." Si ulinifundisha guagua ni basi? Basi limelalaje?

Mama Rehema: Alhamdulillahi mwanangu. Mmekula?

Rehema (Quito): Tumekula mama, wali na kuku.

Kaka Daktari: Hapo ni mtoto mchanga, Rehema. Wanaomba usibonyeze kengele, mtoto amelala.

Rehema (Quito): Mtoto?? 😳

Kaka Daktari: Ndiyo. Kuba guagua ni basi, na Puerto Rico vilevile, Jamhuri ya Dominika, hata visiwa vya Canary vya Uhispania. Mjini Las Palmas kampuni ya mabasi yenyewe yaitwa Guaguas Municipales. Lakini ukipanda milima ya Andes, yaani Ekuador, Peru, Bolivia, na Chile pia, guagua ni mtoto. Limetoka kwa wenyeji wanaosema Kikechua, wao humwita mtoto "wawa".

Baba Mkubwa: Kumbe lugha moja na watu hawasikilizani!

Kaka Daktari: Wanasikilizana sana Baba Mkubwa, ila kila mahali pana maneno yake. Mimi Kihispania changu ni cha Kuba, tangu 2018 serikali ya Kenya ilipotupeleka madaktari 50 kusomea udaktari wa familia. Pale kituoni hukuti watu wamepanga foleni. Ukifika wauliza "¿El último?", nani wa mwisho? Mmoja anajibu, basi wewe umeshika nafasi nyuma yake, hata akienda kukaa kivulini. Guagua ikija kila mtu ajua amfuata nani. Utaratibu ule naupenda hadi leo.

Salma: Kaka, na "coger la guagua"? Nimeliona kwenye programu ya simu.

Kaka Daktari: Kuba ni kupanda basi. Ukisema hivyo Quito watadhani wenda kumbeba mtoto. Ukifika Meksiko au Argentina usilitamke kabisa hilo "coger", kule ni tusi. Maana yake nitakutumia kando, hapa mama zetu wapo. Sema "tomar el bus", hilo halina neno popote.

Shangazi: Ahsante mwanangu kwa kutustahi 🙏🏾

Rehema (Quito): Ndiyo maana! Dereva wa teksi alituonyesha mlima juu ya mji, akasema Guagua Pichincha.

Kaka Daktari: Pichincha Mtoto. Pembeni yake kuna Rucu Pichincha, yaani Mzee. Na mtoto ndiye mwenye moto: 1999 alilipuka, majivu yakaanguka mjini.

Mama Rehema: Subhanallah. Na nyinyi mwakaa chini yake?

Rehema (Quito): Usihofu mama, kuna wataalamu wanaufuatilia.

Rehema (Quito): Nimeshuka kuwasalimu wa chini. Mtoto ameamka, wa kike, mashavu hayo! Mamake aniambia tarehe 2 Novemba, siku yao ya kuwakumbuka marehemu, wanaoka "guaguas de pan", mikate yenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo, wanaichorea macho na mdomo kwa sukari ya rangi. Wanakula na kinywaji kizito cha zambarau, kama uji, cha unga wa mahindi meusi na matunda.

Shangazi: Kina viungo?

Rehema (Quito): Mdalasini na karafuu shangazi. Na nanasi ndani.

Shangazi: Karafuu! Basi hao ni watu wetu. Omba upishi wake, utuandikie hapa vipimo vyote.

Mama Rehema: Rehema, umeenda kwa mzazi mikono mitupu?

Rehema (Quito): Nilienda kusalimu tu mama. Ninayo leso moja sijaikata.

Mama Rehema: Ikate, uipinde vizuri, umpelekee kesho. Na muonyeshe jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni.

Kaka Daktari: Mwambie "para la guagua", ya mtoto. Ataelewa.