Mashavu ya sangara yamekuwa ya bluu, na hela yetu mmekula!

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi msiuunganishe huu uzi na zile za kuomba msaada, mimi nimekuja kulalamika.

Tuko Mwanza, tumechangishana tukalipia kozi ya kuchambua picha kwa Python. Tunataka kutambua ubichi wa samaki kwa picha tulizopiga Mwaloni Kirumba. Pale kila mnunuzi anajua: unafunua shavu la sangara, likiwa jekundu mnaongea bei, likiwa limepauka unasepa. Sasa fungua notibuku (faili la kodi na picha) waliyotupa. Mashavu ya bluu! Ndoo za bluu zimegeuka rangi ya chungwa, vidole vya muuzaji kama vya maiti, na mkufunzi anaendelea tu kutuhubiria usahihi wa modeli, yaani programu iliyofunzwa kutambua picha.

Sababu yake si siri. OpenCV, maktaba ya kodi ya kusoma na kuchakata picha, inapanga chaneli (tabaka za rangi) bluu, kijani, nyekundu, yaani BGR. Matplotlib, ile ya kuonyesha picha, inataka nyekundu itangulie, yaani RGB. OpenCV ilianza 1999, enzi ambazo kamera na programu nyingi zilipanga hivyo, ikabaki hivyo. Sawa. Ila mstari mmoja tu wa kugeuza mpangilio, cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2RGB), unamshindaje mtu anayepokea hela za watu?

Kinachoniudhi zaidi, hakuna ujumbe wa kosa. Kijani kiko katikati, hakihami, kwa hiyo magugu maji yanabaki ya kijani. Jiwe la Bismarck ni la kijivu, nalo halibadiliki. Mtu akijaribia picha za aina hiyo anaona mambo safi, anaiingiza kodi yake sokoni.

Na asije mtu na "tumia cv2_imshow ya Colab", amri ya kuonyesha picha kwenye huduma ya Google ya kuendesha notibuku mtandaoni. Ile inageuza rangi yenyewe. Ukiipa picha uliyokwisha kuigeuza, bluu inarudi palepale. cv2.imwrite, amri ya kuhifadhi picha, nayo inategemea BGR. Hawa jamaa sura ya tatu wamegeuza, ya nne wakahifadhi kwa imwrite, folda nzima ya mafunzo ikapinduka!

Picha zisizo na rangi ndiyo vichekesho: dagaa wa zambarau na njano, kwa kuwa tangu toleo la 2.0 matplotlib inapaka viridis (rangi za zambarau hadi njano) usipoandika cmap='gray'. Usipoweka vmin=0 na vmax=255, yaani mipaka ya weusi na weupe, inavuta mwanga yenyewe hadi picha iliyofifia inaonekana kama iliyong'aa. Kwa kazi ya ubichi wa samaki huo ni utapeli.

Tumeuliza kwenye kundi la kozi, tukajibiwa "rangi si ishu, modeli itazoea." Itazoea nini? Modeli iliyofunzwa kwa RGB ukiilisha BGR inakujibu utumbo, na inajibu kwa kujiamini.

Warekebishe notibuku au warudishe hela. Mlio kwenye kozi hiyo mnajijua, tupieni picha zenu hapa chini. Wa "mbona YouTube ni bure" apite kimya kimya.