Kapteni Owen, Mombasa ya 1824 na jina la Port Reitz: tumhukumu kwa lipi?

MTOA HOJA

Ndugu zangu, naomba tulijadili suala hili kwa utulivu. Katika masomo ya historia ya pwani yetu, Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza aelezwe kama nani, na je, hori la Port Reitz huko Mombasa liendelee kubeba jina la luteni wake? Wapo wanaomsifu kuwa mchoraji ramani hodari na adui wa biashara ya watumwa, na wapo wanaotaka jina hilo lifutwe kwa kuwa ni alama ya ukoloni. Mimi naona kwamba pande zote mbili zinalikwepa jambo zito kuliko yote, nalo ni kuwa aliwapa watu wa Mombasa ulinzi ambao hakuwa na mamlaka ya kuutoa.

Kazi yake ya upimaji sina ugomvi nayo. Alizaliwa Manchester mwaka 1774, akawahi kuwa mateka wa Wafaransa kisiwani Mauritius, na alikuwa amekwisha kupima Maziwa Makuu ya Kanada alipotumwa Afrika na meli mbili, Leven na Barracouta. Kuanzia 1822 hadi 1826 watu wake walitia bildi kupima kina cha maji kwenye milango ya bandari, wakapima miamba na mafungu ya mchanga kutoka kusini mwa bara hili hadi pwani ya Waswahili, wakatoa ramani zipatazo 300 ambazo wanamaji walizitegemea kwa miongo mingi. Zaidi ya nusu ya mabaharia waliotoka naye Uingereza walikufa, wengi wao kwa homa. Kwamba manahodha wa Lamu, Mombasa na Oman walikuwa wakipita njia hizo kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla yake hakupunguzi ugumu wa kazi hiyo, ingawa vitabu vingi husahau kulitaja.

Tatizo langu linaanza tarehe 7 Februari 1824, Leven ilipotia nanga Mombasa. Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, waliokuwa wamenyang'anywa Pemba na kulitazamia shambulio la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, walikuwa tayari wamepandisha bendera ya Uingereza Fort Jesus kwa hiari yao. Owen, ambaye wiki chache nyuma alikuwa Muscat na kuonana na huyo huyo Sayyid Said, alikubaliana na Liwali Sulaiman bin Ali kwamba Uingereza itaulinda mji na kuurudishia milki zake, ukoo wa Mazrui uendelee kutawala, mwakilishi wa Kiingereza akae mjini, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Kisha akasafiri kuendelea na ramani zake, akimwacha Luteni John James Reitz, aliyekufa kwa homa miezi michache baadaye katika safari ya kuelekea Pangani. Luteni James Emery ndiye aliyeushika usimamizi hadi Julai 1826, serikali ya London ilipokuwa imekataa kuyathibitisha makubaliano hayo na Waingereza wakaondoka. Mwaka 1828 Sayyid Said alikuja na meli za vita, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui ulikwisha, viongozi wao wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Maalim, nimekusoma kwa makini, lakini nadhani unamtwisha Owen mzigo usio wake peke yake. Wamazrui walikuwa wamekwisha kuomba ulinzi kwa Waingereza wa Bombay wakakataliwa, kwa hiyo walijua vizuri kwamba maafisa wa dola hiyo hawana kauli moja, na makubaliano yenyewe yalikuwa yakisubiri idhini ya mfalme. Isitoshe, mkataba wa Moresby wa 1822, kati ya Waingereza na Sayyid Said, ulikuwa umemkataza Sayyid huyo kuwauzia Wakristo watumwa tu, ukaiacha biashara kati ya Waislamu iendelee. Owen aliuona upungufu huo na akataka biashara yote ikome. Mtu aliyeona dhuluma na akathubutu kutenda pasipo kungoja barua ya London, kwa nini tumlaumu kuliko wale walionyamaza?

MCHANGIAJI WA PILI

Kwa jina la Port Reitz, mimi nasema libaki. Wakazi wa Changamwe hulitamka kama jina la mtaa wao, wala hawamkusudii luteni yeyote.

MTOA HOJA

Ndugu yangu wa kwanza, nakubaliana nawe kwamba chuki yake kwa biashara ya watumwa ilikuwa ya kweli, na sitaki ifichwe. Hoja ya idhini, hata hivyo, hainiridhishi, kwa sababu utawala huo haukungoja idhini: afisa alikaa, bendera ilipepea, na mgawanyo wa ushuru ukawekwa tangu mwanzo, huku ahadi ya kuirudisha Pemba, ambayo ndiyo Wamazrui waliyoihitaji kwa dhati, ikibaki maneno. Mji uliokuwa ukipima kati ya kupatana na Sayyid na kupigana naye ulipoteza miaka miwili ukiitegemea bendera isiyo na nguvu nyuma yake. Uthubutu unaolipiwa gharama na wengine ni lazima uhesabiwe kwa upande wa hao waliolipa.

Kuhusu jina, silipingi kubaki. Ninachopendekeza ni kibao katika Fort Jesus kitakachoeleza kwa Kiswahili kwamba Owen aliupima mwambao huu, kwamba Wamazrui ndio walioomba ulinzi, kwamba Owen aliukubali bila agizo la serikali yake, na kwamba serikali hiyo iliuondoa mwaka 1826. Anayepinga maandishi hayo naomba ataje ni lipi kati ya hayo manne lisilo kweli.