Naomba ushauri: swali la kuburuta nukta katika STACK na JSXGraph

Wakuu habari. Naomba msaada kwa wanaotunga maswali ya jometri kwenye Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), kwa kutumia STACK, inayosahihisha majibu ya hisabati, na JSXGraph, inayochora michoro ya kuburuta.

Swali lenyewe: A(1,2) na B(5,4) hazisogei. Mwanafunzi anaburuta P na Q ili mstari PQ uikate AB katikati kwa pembemraba. Jibu ni y = −2x + 9, kwa hiyo (2,5) na (4,1) zinafaa, lakini nukta nyingine yoyote ya mstari huo inafaa pia. Ndiyo maana sitaki kulinganisha majiranukta. Napima kama PA² − PB² ni sifuri, kisha QA² − QB², na kuhakikisha P na Q hazijakaa pamoja.

Nukta zimeunganishwa na visanduku vya majibu kwa stack_jxg.bind_point, na katazo la desimali nimelizima, maana likiwashwa kila mburuto unakataliwa. AlgEquiv (kipimo cha STACK cha usawa kamili wa kialjebra) haifai hapa: desimali hazitoi sifuri kamili. Natumia NumAbsolute, kipimo kinachokubali tofauti ndogo ya namba. AB ina urefu wa √20, kwa hiyo nukta ikikaa 0.1 nje ya mstari, tofauti hufika karibu 0.9.

Yamebaki mawili. Kwanza, alama nusu kwa mstari wenye pembemraba usiopita katikati: nagawanya zao la nukta (dot product) la vekta PQ na AB kwa urefu wa zote mbili, na kukubali hadi 0.02, yaani kama digrii 1. Je, inatosha bila snapToGrid (mpangilio wa kunasa nukta kwenye gridi)? Pili, kwenye simu kidole kinasogeza ukurasa badala ya nukta. Mnaongeza ukubwa wa nukta, au kuna mpangilio mwingine?