Faili haiingii, wimbi linatoka nusu. Nisaidieni kabla ya Jumatatu

FundiMaweni: Salaam wadau. Niko Malindi, natengeneza kipima-kina cha mashua ya mtu. Nataka jenereta ya mawimbi (mashine ya kutoa mawimbi ya umeme) itoe mlio kama ule unaorudi kutoka chini ya bahari. Nimeandaa faili ya nukta 1000 za kuchora umbo la wimbi, naituma kwa amri za SCPI (lugha ya kuamuru vifaa vya maabara) kupitia waya wa mtandao, poti 5025. Wimbi linatoka nusu, kisha kosa -113. Tangu Ijumaa sijalala.

BintiShela: Tuonyeshe mstari wa amri.

FundiMaweni: Mstari hauna shida, nimeukagua mara kumi. Mashine ndiyo mbovu. Nimeshashusha programu endeshi mpya, ile inayoendesha mashine kwa ndani, usiku naibadilisha.

PundaHaendi: Huku Lamu punda akigoma hatumkati kichwa, tunaangalia mzigo.

MzeeNgomeni: Wanangu, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa kwetu, jukwaa la San Marco. Marehemu baba alikuwa anaanika ng'onda, akaziacha zikaliwa na kunguru. Wale waliorusha walisoma kitabu kwanza. Nyinyi mnakimbilia kuuliza.

BintiShela: Shikamoo mzee. Fundi, mstari.

FundiMaweni: Haya. DATA:DAC VOLATILE, #41000 halafu data yenyewe.

BintiShela: Ndiyo hapo! Hiyo 4 inasema tarakimu nne zinafuata, na tarakimu hizo ni hesabu ya baiti, siyo nukta. Nukta zako ni za biti 16, kila moja baiti mbili. Andika #42000. Sasa hivi mashine inapokea baiti 1000, zilizobaki inazisoma kama amri, haizielewi, inakutupia -113. Programu endeshi usiiguse.

FundiMaweni: Lakini nukta ni 1000, nimezihesabu mwenyewe. Na bando limeshaniishia kwa kuishusha hiyo programu.

Kadzo_wa_Pwani: Mimi siamini. Juzijuzi ulikuwa unaomba ushauri wa mbuzi wa maziwa, leo una jenereta ya mawimbi? Bei yake tunaijua. Tuma *IDN?, amri ya kuiuliza mashine ijitambulishe, utubandikie jibu lote.

PundaHaendi: Labda mbuzi ndiye mwenye poti 5025.

FundiMaweni: Mbuzi ni wa mama. Jibu lote siwezi, lina namba ya mashine.

BintiShela: Namba ina ubaya gani?

MzeeNgomeni: Kijana, mbona kimya?

FundiMaweni: Ni ya chuo. Ijumaa mwenye stoo hakuwepo, kwa hiyo sikuandika daftarini. Sijaiba, Jumatatu asubuhi inarudi. Na hiyo #42000 imekubali, wimbi zima limetoka, SYST:ERR? ya kuuliza makosa inajibu +0, yaani hakuna kosa. Ahsante dada.

Kadzo_wa_Pwani: Hadithi tamu. Bado siamini.

MsomajiTu: Mimi naamini. Na ule waya wa bluu nao urudi.